Nilipokuwa Mdomo wa Yaya Furaha

Habari ya kifo cha Madame Nabintu, mwalimu wetu wa zamani, niliipata kwa dada yangu Furaha, ambaye hasikii. Alinipigia simu ya video akiwa uani kwenye shule anayofundisha, na kabla hajainua mikono nilikwisha jua, kwa sababu alikuwa amejifunga kitambaa cheusi na macho yake yalikuwa yamevimba. Alinieleza polepole: usingizini, bila maumivu, kule kwao Nyangezi. Kisha akaniomba nimwandikie maneno machache ya kusomwa kwenye mazishi, maana wengi watakaokuja ni watu wa kusikia.

Nimekaa na karatasi tangu asubuhi na maneno machache hayaji. Kinachonijia ni harufu ya unga wa mahindi uliokaa muda mrefu, harufu ya panya, na juu yake ile ya chaki. Waliokulia Bagira, mtaa wetu pale Bukavu, wa rika langu wanalikumbuka ghala la parokia, lile lenye mlango wa bati uliokwaruza sakafu. Kwetu sisi watoto lilikuwa ghala la msaada, mahali pa kupanga foleni na ndoo. Baadaye magunia yaliisha, likabaki tupu, na Madame Nabintu akaliomba kwa padri liwe darasa. Ukuta ulipakwa chokaa mara mbili lakini harufu ya unga haikutoka kamwe.

Nilikuwa na miaka minane, Furaha kumi na moja. Kwetu Bukavu mkubwa wako humwiti kwa jina tupu, unamwita Yaya, nami nilimwita hivyo ingawa hakuwahi kulisikia. Homa ilimpata akiwa na miaka miwili, wiki tatu hospitalini, na aliporudi nyumbani alikuwa hageuki tena mlango ukibamizwa. Mimi sikuwahi kumjua akiwa mwingine. Nilikua nikidhani kila nyumba ina mtu mmoja wa aina hiyo, kama kila nyumba ilivyo na kiti kimoja kibovu ambacho wageni hawapewi.

Tulikaa katika nyumba mojawapo ya zile za matofali zilizojengwa kwa mistari, ukuta mmoja watu wawili, kwa hiyo jirani akikohoa sisi tunamsikia. Papa alikuwa fundi wa magari mjini, anarudi na mafuta hadi kwenye kope. Maman aliuza sambaza sokoni, wale samaki wadogo wa ziwa letu, na mikono yake ilinuka samaki hata siku ya Pasaka. Wote wawili walimpenda Furaha, hilo nataka lieleweke. Ila walimpenda kwa kumsukuma begani aende huku au kule, kwa kumshika kidevu ageuke, kwa kumpa chakula. Kuongea naye iliachwa kuwa kazi yangu.

Sijui lugha yetu ilianzaje. Papa alikuwa kidole kinachopapasa masharubu, Maman ni mikono inayofunga kitambaa nyuma ya kichwa. Sambaza ni kidole kimoja kinachotingishika kama mkia. Askari ni kiganja kwenye bega, kanisa ni kugusa goti. Mimi mwenyewe nilikuwa kidole juu ya pengo, maana meno yangu ya mbele yalikuwa yameng'oka yote mawili. Watu wazima walituangalia tukiongea hivyo uani na kutikisa vichwa. "Sifa, mwambie mukubwa yako alete maji." "Sifa, muulize kama ameshiba." Wageni walinisifu, shangazi zangu walinipa biskuti kwa ajili hiyo. Nilikuwa mtu muhimu. Na kwa kuwa hakuna aliyeweza kunihakiki, mara nyingine nilimtafsiria Yaya ninavyotaka. Shangazi akileta maandazi mawili, nilimwambia, "Yaya anasema yee ameshashiba," na la pili likawa langu. Yaya alinitazama nikilila, na hakuwa na pa kushitaki, kwa sababu ningekuwa mimi huyo huyo wa kupeleka mashitaka.

Madame Nabintu alifika kwetu siku ya soko, saa za mchana, Maman akiwa ndiyo kwanza ametua beseni lake. Alikuwa mwanamke mrefu, mwembamba, amevaa viatu vya plastiki vya mvua na kubeba mwavuli usiofunguka vizuri. Alisimama mlangoni bila kuingia.

"Nasikia hapa muko na mutoto hasikiake," alisema.

Maman alikaza uso. "Nani amekuambia?"

"Mama mumoja wa kwa soko. Usimukasirikie. Mimi naitwa Nabintu, niko mwalimu. Natafuta batoto bale hawasikiake, nibafundishe kusoma."

Maman alicheka, kicheko kifupi cha mtu aliyechoka. "Kusoma? Huyu? Hata jina yake haijue. Utamufundisha na nini, maman?"

"Na mikono."

Mimi nilikuwa nimejibanza nyuma ya pazia, nikisikiliza. Shuleni kwetu alikuwapo mwalimu wa mwaka wa pili ambaye watoto walisema anafundisha na mikono, maana yake hakuhitaji fimbo, kofi lake lilitosha. Nikaelewa kwamba mwanamke huyu anapita nyumba kwa nyumba kukusanya mabubu ili awapige mpaka waseme. Niliichukua ile habari nikampelekea Yaya uani: mwanamke mrefu, kofi, kofi, kofi. Yaya alikunja uso, akanitazama kama mjinga, akaendelea kuosha masufuria.

Papa hakutaka. "Na akishajua hiyo maneno ya mikono," alimwambia Maman, "ataongea na nani? Hapa siye wote tunaongeaka na kinywa." Madame akarudi Jumapili baada ya misa, akamkuta akinyoa ndevu uani.

"Papa Furaha, ataongea na wewe. Utajifunza."

"Mimi? Na hii mikono ya spana?"

Hakubishana naye. Alichuchumaa, akaokota kijiti, akamwita Furaha kwa kugonga ardhi kwa kiganja. Akachora samaki mdogo mchangani, chini yake akaandika sambaza. Furaha akatingisha kidole chake kama mkia. Madame akatikisa kichwa kukubali, naye akatingisha hivyo hivyo, kisha akagusa samaki, akagusa maandishi, akarudia mara kadhaa. Halafu akamfuta samaki kwa kisigino yakabaki maandishi peke yake. Furaha aliinama akayatazama. Jirani yetu alikuwa akitwanga, tukahesabu mipigo ya mchi, na sikumbuki ilikuwa mingapi. Kisha kidole cha Yaya kikaanza kutingishika, kwanza taratibu, halafu kwa nguvu, na alikuwa akimwangalia Papa, si Madame.

Papa alibaki na povu la sabuni upande mmoja wa uso. "Ataanza siku gani?" aliuliza.

Nilipewa kazi ya kumpeleka. Mimi nilisoma zamu ya mchana, kwa hiyo asubuhi nilimshusha Yaya hadi parokiani na kumngoja, kisha tunapanda pamoja. Darasa lilikuwa na watoto wanane, wadogo wa miaka sita na mvulana mmoja aliyekwisha ota sharubu, wote pamoja kwenye mbao zilizowekwa juu ya matofali. Nilikaa dirishani nje. Hakupiga mtu. Akitaka wamtazame alipiga sakafu kwa mguu, wakaisikia kwa nyayo zao, vichwa vyote vikageuka. Jambo lililonitisha ni ukimya. Madame alijua kusema vizuri kabisa, nilishamsikia, lakini akiingia mle kinywa chake kilifungwa na mikono ikaanza kwenda mbio. Nilisadiki kwamba ametoa amri, kwamba mle ndani kusema ni marufuku, na kwamba Yaya akizoea, siku moja nami nitaambiwa ninyamaze.

Kwa miezi miwili ya mwanzo bado nilikuwa na kazi. Furaha akirudi nyumbani ni mimi niliyeeleza leo wamefanya nini, ingawa nilieleza zaidi ya nilichoelewa. Lakini mikono yake ilianza kunipita. Alikuwa na ishara za siku za juma, za rangi, za watu wa familia, na alizifanya haraka kama mtu anayekung'uta maji. Nikimwomba arudie, alirudia mara moja, halafu akakata tamaa na kunisukuma begani, jinsi Maman alivyozoea kumsukuma yeye.

Halafu akampata Aline. Aline alikuwa msichana kutoka Walungu, nje ya mji, aliyeletwa kwa mama yake mdogo hapo Bagira ili asome kwa Madame. Alikuwa na miaka kumi na miwili, ana makovu madogo shavuni, na anacheka bila sauti, mabega tu yakitikisika. Wakati wa mapumziko walikaa kwenye ngazi za ghala, magoti yakigusana, wakaongea hadi Madame apige sakafu. Mimi nilikuwa hapo hapo karibu nikichora mchangani, na hawakunitafsiria hata neno. Siku moja Furaha alinielekezea kidole. Akagusa meno yake, ile ishara yangu, akatikisa kichwa kukataa, akafanya kitu kingine nisichokijua, na Aline akacheka mpaka akashika tumbo. Kisha wote wawili wakanitazama.

Nilikuwa nimemfanyia Yaya mengi, ndivyo nilivyojiambia njiani, nikitembea hatua kumi mbele yake makusudi. Nilikuwa nimembebea maneno tangu nianze kusema. Sasa wananicheka.

Kesho yake mvua ilinyesha alfajiri na njia ya kushukia parokiani ikawa tope jekundu. Tulifika nusu ya njia, nikamwacha Yaya chini ya paa la duka, nikamwonyesha angoje. Nilishuka peke yangu hadi mahali ambapo paa la ghala linaonekana, nikasimama kidogo, nikarudi. Nilimwambia kwa ishara zetu: nyumba imeanguka. Mwanamke mrefu ameondoka. Alitaka kwenda kuona. Nikashika mkono wake, nikaonyesha maji, tope, askari, kila cha kutisha nilichokuwa na ishara yake. Tukarudi nyumbani. Kwa Maman nilisema, na sauti yangu haikutetemeka hata kidogo:

"Madame amesema Yaya asirudie. Amesema kichwa yake haishikake masomo."

Niliwaza Maman atakasirika, atashuka kugomba, na nilikuwa nimejiandaa kwa hilo. Badala yake aliketi kwenye kigoda. Akafuta mikono yake kwenye kikwembe alichojifunga kiunoni, ikawa mikavu, akaendelea kuifuta.

"Hata kwa mabubu benzake wamemukataa," alisema. Hakuwa anaongea nami.

Ilikwenda hivyo siku kumi na moja. Najua ni kumi na moja kwa sababu Furaha alikuwa amejifunza kuandika siku za juma, na kila asubuhi aliandika moja, kwa Kifaransa cha shuleni, kwa makaa kwenye ukuta wa nje, karibu na mlango wa jikoni. Mardi. Mercredi. Jeudi. Alivaa sketi yake ya shule, akaandika siku, akasimama mbele yangu. Nami nikafanya ishara ya nyumba inayoanguka. Maman aliyaona maandishi yale, hakuyafuta, na hakujua ni nini, kwani hakuwa amesoma. Alimuuliza Papa. Papa alisoma ukuta, akakohoa, akasema ni siku tu, siku za juma, akatoka bila kumaliza chai.

Watu husema mtoto husahau. Mimi nakumbuka uzito wa siku zile mwilini. Nilipata kile nilichokitaka, Yaya alirudi kuwa wangu, na hakuwa na la kuniambia.

Siku ya kumi na mbili Madame alikuja. Mvua ilikuwa imekatika na alikuwa na tope hadi magotini, kiatu kimoja mkononi, kamba yake imekatika. Maman alimwona kutoka mbali, akasimama mlangoni mikono kiunoni.

"Umekuja kufanya nini tena? Si ulimukataa mutoto yangu?"

Madame alisimama pale pale uani. "Nani amemukataa?"

"Wewe. Ulisema kichwa yake haishike."

"Mama Furaha, mimi nimekuja kuuliza kama mutoto anagonjwa. Yee njo wa kwanza kwa darasa. Nitamukataa juu ya nini?"

Ndipo kila mtu akageuka kunitazama, hata Furaha ambaye hakuwa amesikia chochote. Maman alikwisha vua ndala. Madame akanyoosha mkono.

"Umuache kwanza. Nipatie huyu dakika kidogo."

Alinipeleka nyuma ya nyumba, penye kishamba chetu cha mboga za lengalenga, akakaa juu ya jiwe la kufulia na kuanza kukwangua tope kwenye miguu yake kwa kijiti. Hakuniangalia.

"Juu ya nini, Sifa?"

Nilikuwa na majibu mengi ya uongo na nilitaka kutoa mojawapo. Kilichotoka ni hiki: "Alikuwa wangu. Sasa iko wa Aline."

Alikwangua mguu mmoja hadi mwisho. Kisha akaniambia jambo ambalo nimeishi nalo tangu siku hiyo, na ambalo, naona sasa, ndilo lililomfanya aishi alivyoishi.

Zamani, alisema, kabla ya ghala, alikuwa mwalimu wa mwaka wa tatu katika shule kubwa ya mjini, mwalimu anayesifiwa, darasa lake linafaulu lote. Mwaka mmoja akaletewa msichana, naye wa huko huko Walungu kama Aline. Alimuuliza jina, hakujibu. Alimuuliza somo, hakujibu, alitabasamu tu. Madame aliona ni kiburi.

"Nilimupiga," aliniambia. "Siku ya kwanza, siku ya pili, wiki muzima. Nilimupiga juu hajibu. Na yee alikuwa anarudia tu kila asubui, anakaa mbele, ananiangalia kinywa. Mupaka siku moja bati ilianguka nyuma yake, pwaa, darasa yote ikaruka. Yee hakugeuka."

"Hakusikia?"

"Hakusikiaka tangu kuzaliwa. Na hakuna mutu aliniambia. Lakini hata mimi sikuuliza."

Siku iliyofuata msichana hakuja. Madame alipanda gari hadi Walungu kumtafuta, akamkuta akichunga mbuzi nyuma ya nyumba yao. Msichana alipomwona alikimbia, akajificha kwenye migomba, na hakuna aliyeweza kumtoa. Madame alirudi huko mara tatu. Mara ya tatu familia ilikuwa imehama. Aliacha ile shule, akaenda mbali kujifunza lugha ya mikono kwa watawa waliokuwa wanaifundisha, akarudi na kuanza kugonga milango. Watu wa kwao Nyangezi walisema amechanganyikiwa, mwalimu mzima kuacha darasa la watoto hamsini kwenda kukaa ghalani na mabubu.

"Mimi nilikosa kuuliza," alisema. "Na wewe pia. Ulimuuliza mukubwa yako alikuwa anasema nini na Aline?"

Sikuwa nimeuliza.

Alisimama, akavaa kiatu chake kilichokatika kamba, akaniambia kwamba hatamweleza Furaha kwa niaba yangu. Nitaeleza mwenyewe. Lakini ishara zetu, mimi na Yaya, hazikuwa na neno la jambo nililofanya. Tulikuwa na samaki, mvua, njaa. Basi Madame akanifundisha pale pale, kati ya lengalenga, jinsi ya kusema uongo kwa mkono. Ndilo neno la kwanza nililojifunza katika lugha yake. Akanirudishia vidole mara tatu hadi vikakaa sawa.

Nilimwambia Yaya uani mbele ya wote. Nyumba kuanguka, uongo. Mwanamke kuondoka, uongo. Mimi, uongo. Alinitazama mikono, akatazama ukuta wenye siku zake kumi na moja, akanitazama mikono tena. Kisha akanisukuma kwa nguvu zake zote nikaanguka kwenye beseni la sambaza. Hakuna aliyemkataza. Hakuongea nami wiki nzima, na mtu asiyesikia akiamua kutoongea nawe hakutazami, basi imekwisha, huna mlango mwingine wa kupitia.

Aliyevunja ukimya ni yeye. Tulikuwa njiani kurudi kutoka parokiani, maana bado nilimpeleka, safari hii nikitembea nyuma. Alisimama, akaninyooshea kidole, akagusa meno yake, akatikisa kichwa. Ilikuwa ileile niliyoiona kwenye ngazi. Meno yangu yalikuwa yameota. Jina langu la pengo halikufaa tena, na siku ile yeye na Aline walikuwa wanatafuta jina jipya la kunipa, wakijaribu hili na lile, mengine ya kuchekesha. Walikuwa wamepata: vidole viwili, bega kwa bega, vinatembea. Anayetembea pamoja nami. Akanifanyia mara mbili ili nishike. Nililia njia nzima, naye akadhani viatu vinanibana.

Tangu hapo Madame hakuniacha dirishani. Aliniweka ndani, kwenye mbao ya nyuma, na akatoa daftari akaandika ishara zetu zote za nyumbani, moja moja, akituuliza sisi wawili. "Hizi ni zenu," alisema, "mimi sizijue." Mtu mzima, mwalimu, akijifunza kwetu jinsi ya kusema sambaza. Kila mtoto mpya alipofika aliulizwa kwanza kwao wanasemaje, ndipo akafundishwa.

Mengine ya maisha yake niliyajua nilipokuwa mkubwa. Hakuolewa, ingawa mtu mmoja alimngoja miaka mingi. Ghala lilibomoka kweli, mvua za mwaka mwingine, msiseme nilitabiri, na kwa muda alifundisha chini ya turubai. Vita vilipofika mjini hakuondoka. Aliwafundisha watoto kutazama miguu ya watu wengine, wakiona wanakimbia nao wakimbie, na alipita nyumba zao zote kuhesabu kama wapo. Baadaye kilijengwa kile kijengo cha vyumba sita mnachokiona leo. Wanafunzi wake ni washonaji, maseremala, mmoja anatengeneza simu mjini. Furaha alibaki kufundisha. Yule msichana wa Walungu aliyepigwa na Madame hakupatikana. Nilimuuliza Madame mara moja kama bado anamtafuta, akaniambia kila akipanda gari la kwenda huko hukaa upande wa dirisha.

Lakini kama ni kusema alitufanyia nini sisi, nyumbani kwetu, basi ni siku moja ya Jumamosi, karibu mwaka mmoja baadaye. Madame alikuwa amewaomba wazazi waje Jumamosi kujifunza ishara. Papa alikwenda mara mbili, akaona haya kwa vidole vyake vigumu. Maman hakwenda kabisa. "Sifa iko," alisema. "Sifa atanielezea."

Alikuwa anachagua maharage uani. Furaha akaja akaketi mbele yake na kumgusa goti ili amtazame, akaanza kuongea kwa mikono, taratibu, kama mtu aliyefanya mazoezi. Alirudi kwenye jambo la zamani: kabla ya shule, kabla ya Madame, Maman alikuwa amempeleka kwenye chumba kimoja cha maombi, Jumapili tatu mfululizo, ili aponywe. Sisi wengine hatukuwahi kulitaja. Watu walimzunguka, wakaweka mikono kichwani pake, wakaomba kwa sauti kubwa. Mmoja alimtikisa. Walimtia vidole masikioni. Maman alifanya hivyo kwa imani, na aliporudi nyumbani siku ya tatu alilala bila kula.

"Anasema nini?" Maman aliuliza.

Nilieleza kama alivyosema. "Anasema bale batu benyi, binywa wazi. Bilikuwa na hasira. Anasema… anauliza alifanya kosa gani?"

Mkono wa Maman ulibaki ndani ya maharage. Miaka ile yote Furaha alikuwa ameamini kwamba alipelekwa kule kuadhibiwa. Alikuwa amelitafuta kosa lake peke yake, bila neno la kulitafutia, na sasa alikuwa amepata neno, na kitu cha kwanza alichofanya nalo ni kuuliza.

"Mwambie," Maman alianza. "Mwambie kama…"

Niliinua mikono. Maman akaishika yote miwili kwa mkono wake mmoja wenye vumbi la maharage, akaishusha mapajani mwangu.

"Hapana. Unionyeshe. Nitamwambia mimi."

Nikamwonyesha. Hakuna. Kosa. Wewe, hakuna kosa. Alijaribu akakosea, vidole vyake vilikuwa vimezoea kushika kisu na samaki, na alichokisema, kama kilisema chochote, hakikuwa na maana. Alijaribu tena. Machozi yalikuwa yanamtiririka na hakuyafuta kwa sababu mikono yake ilikuwa kazini. Furaha alimtazama kwa makini kabisa, uso wake haukuonyesha kama ameelewa. Kisha akasogea karibu, akaweka sinia la maharage kando, akachukua mkono wa mama yake na kuanza kuunyoosha kidole kimoja kimoja, mpaka ukakaa sawa.